Aliyemsikiliza Feynman

Leo nataka tuzungumze habari za wanafizikia wawili, na hasa namna mmoja wao alivyomkumbuka mwenzake kwa zaidi ya miaka 70. Anayekumbuka ni Freeman Dyson, Mwingereza. Anayekumbukwa ni Richard Feynman, Mmarekani wa New York. Habari za Feynman zimesimuliwa sana, na nyingi ni za kuchekesha: alivyofungua makabati ya siri za serikali kule Los Alamos, lilikotengenezwa bomu la atomiki, ili kuonyesha kufuli zake ni dhaifu, alivyopiga ngoma, alivyojiunga na kikundi cha samba mjini Rio de Janeiro. Lakini mimi huvutiwa zaidi na yule aliyekaa kando akimtazama. Naamini Dyson alimwona Feynman mzimamzima kuliko waandishi wote waliokuja baadaye, na alimwona hivyo kwa sababu alikuwa na subira ya kumsikiliza hata pale ambapo hakumwelewa.

Dyson alizaliwa mwaka 1923. Baba yake, George Dyson, alikuwa mtunzi wa muziki mwenye jina nchini Uingereza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili kijana huyu aliwekwa katika makao makuu ya kikosi cha ndege za mabomu, kazi yake ikiwa kuchambua takwimu za ndege zilizokwenda Ujerumani usiku. Vijana wa rika lake walipanda ndege, wengi hawakurudi, naye alibaki mezani na hesabu zao. Jambo hilo lilimkaa moyoni mpaka uzeeni, na aliliandika kwa uchungu bila kujitetea. Mnamo Septemba 1947, akiwa na miaka 23, alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji mdogo wa Ithaca, jimbo la New York, akasome fizikia kwa Hans Bethe.

Kutoka huko aliwaandikia wazazi wake barua mara kwa mara. Barua zilihifadhiwa, na mwaka 2018, akiwa mzee wa miaka 94, alizitoa yeye mwenyewe katika kitabu. Kwa hiyo tuna bahati ya pekee: tunaweza kusoma alichokiona kijana yule wiki ileile alipokiona, wino haujakauka, kabla Feynman hajawa mtu wa kuwekwa kwenye mabango.

Katika barua moja anawaeleza wazazi kwamba pale Cornell kuna profesa kijana wa Kimarekani, nusu gwiji, nusu chale, mwenye uchangamfu unaowafurahisha wanafizikia wote pamoja na watoto wao. Ukisoma unahisi Mwingereza huyu aliyelelewa kwa adabu za nyumbani kwao ameshangaa kidogo, na amependa.

Kuna jioni moja aliyoisimulia ambayo mimi siichoki. Bethe alialika watu chakula nyumbani kwake. Mwanawe mdogo, Henry, hakutaka kulala. Alidai aletewe Dick, yaani Feynman, maana aliahidiwa kwamba Dick atakuja. Hatimaye mtoto akapelekwa kitandani akinuna. Feynman akaingia amechelewa, akaomba radhi, akasema wazo zuri lilimjia akiwa njiani, kisha kabla hajakaa akapanda ngazi mbio kwenda kumbembeleza mtoto. Chini, wageni walinyamaza. Juu zilisikika kelele za furaha, mara sauti za watu wawili wakiimba pamoja, mara mtu mmoja akipiga kila kitu chumbani kama ngoma. Wageni walikuwa wasomi wazito, na mazungumzo yao yalikatika wakisikiliza dari.

Nimeanza na jioni hiyo kwa sababu wengi wetu tukimsikia mtu wa namna hii tunamweka kwenye kundi la watu wa mzaha, tukiamini kazi yake kubwa aliifanya alipoacha mzaha. Dyson naye, nadhani, alianza hivyo. Ule mgawanyo wa nusu kwa nusu ndio unaoonyesha.

Sasa tuone kazi yenyewe ilikuwa nini. Mwaka 1947 fizikia ilikuwa na aibu moja. Nadharia ya elektroni na mwanga ilikuwapo tangu miaka ya 1920, lakini ukiibana kwa hesabu za kina ilitoa majibu yasiyo na kikomo. Elektroni haikai peke yake. Hutoa mwanga na kuumeza tena, na ukijumlisha athari zote hizo kwa milinganyo ya wakati ule, hesabu inalipuka. Kisha Willis Lamb na Robert Retherford, wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakitumia utaalamu wa mawimbi uliotokana na rada za vitani, walipima ndani ya atomu ya hidrojeni tofauti ndogo ya nishati kati ya ngazi mbili ambazo nadharia ilisema ziko sawasawa. Tofauti yenyewe ni kama megahezi 1,000. Ni ndogo sana, lakini ipo, na imepimwa. Jibu lenye kikomo lilikuwapo katika maumbile. Wanadharia hawakujua njia ya kulifikia.

Bethe alikokotoa makisio ya kwanza akiwa ndani ya treni, akirudi kutoka mkutano wa wanafizikia uliofanyika Juni mwaka huo. Dyson alipofika, Bethe alimpa sehemu ya hesabu hiyo aifanye kwa njia iliyozoeleka. Alifanya. Ilimchukua miezi na mamia ya karatasi. Na hapo ndipo alipokutana na Feynman kwa maana halisi, kwa sababu jibu lilelile Feynman aliweza kulipata ubaoni, kwa chaki, katika nusu saa.

Hebu fikiria mwenyewe. Wewe ni kijana hodari wa hesabu, umesoma Cambridge, umetoka jasho miezi kadhaa kwa uaminifu. Mtu anasimama ubaoni, anachora mistari, mingine iliyonyooka, mingine yenye mawimbi, anaguna, anaandika jibu. Tena ni sahihi. Ukimwuliza ametumia mlinganyo gani, hana mlinganyo wa kukuonyesha. Wengi walimwona kama mtu anayebahatisha vizuri. Mwanahisabati Mark Kac, aliyekuwa Cornell wakati huo, aligawa magwiji katika makundi mawili: wale ambao wewe na mimi tungeweza kuwa kama wao lau tungekuwa na akili mara nyingi zaidi, na wale ambao ni waganga, ambao hata ukishajua walichofanya hujui walikifanyaje. Kac alimweka Feynman kwenye kundi la waganga.

Dyson hakuridhika na neno uganga. Hapo ndipo ninapompendea. Alijisemea kwamba jibu likiwa sahihi kila mara, lazima kuna njia, na njia ikiwapo inaweza kujifunzwa. Akaamua kumganda Feynman amsikilize mpaka aelewe.

Wazo la Feynman, kwa ufupi, ni hili. Mimi na wewe tukitoka nyumbani kwenda sokoni tunapita njia moja. Elektroni, alisema Feynman, inapotoka hapa kwenda pale, hesabu njia zote inazoweza kupita, za moja kwa moja na za kuzunguka, hata zile zinazoonekana kurudi nyuma katika wakati. Kila njia ipe thamani yake kwa kanuni fulani, kisha jumlisha. Michoro ile ya mistari ni orodha ya yale yanayoweza kutokea: mstari ulionyooka ni elektroni, wenye mawimbi ni fotoni, yaani chembe ya mwanga, na panapokutana ndipo elektroni inapotoa au kumeza mwanga. Kila mchoro una hesabu yake. Aliyejua kuusoma aliandika jibu moja kwa moja.

Mwishoni mwa Machi 1948 Feynman alijaribu kuyaeleza hayo mbele ya wakubwa, katika hoteli moja kwenye milima ya Pocono, Pennsylvania. Kabla yake alizungumza Julian Schwinger wa Harvard, kijana wa umri wake, naye New York ndiko kwao. Schwinger alitumia saa nyingi, hesabu zake ndefu na zenye mpangilio mzuri, watu wakachoka lakini wakaheshimu. Kisha akaja Feynman na picha zake. Mwanafizikia Dirac akamwuliza swali moja la kihisabati ambalo hakuwa na jibu lake. Niels Bohr, mwanafizikia mkongwe, akasimama kumkosoa, akiona kijana huyu hajaelewa hata misingi. Feynman alirudi Cornell amevunjika moyo. Wajumbe wa mkutano ule walikuwa baadhi ya watu wenye akili kubwa kuliko wote duniani, na karibu wote hawakumwelewa.

Ajabu ni kwamba Bohr huyohuyo, vitani kule Los Alamos, alikuwa amemtafuta Feynman makusudi miongoni mwa wote, kwa sababu alikuwa kijana pekee asiyeogopa kumwambia kwamba wazo lake ni bovu. Kuthubutu kumpinga mkubwa kulimpatia heshima. Kueleza jambo jipya kabisa kulihitaji kitu kingine, na kitu hicho Feynman hakuwa nacho wakati ule.

Ikafika Juni 1948. Feynman alikuwa anakwenda Albuquerque, New Mexico, kwa gari lake, kumfuata msichana. Dyson alikuwa na wiki kadhaa za nafasi kabla ya mafunzo ya kiangazi huko Ann Arbor, Michigan. New Mexico na Michigan haziko njia moja hata kidogo. Mwenye kutazama ramani ataona. Lakini Dyson alipanda gari. Siku kadhaa peke yake na mtu ambaye alitaka kumwelewa: hakuna semina ya chuo inayoweza kutoa hiyo.

Walifuata barabara kuu namba 66 kuelekea magharibi. Njiani walibeba watu walioomba lifti, na Feynman aliwadadisi habari za maisha yao. Huko Oklahoma mvua kubwa ilifunga barabara. Maji yalikuwa yamefurika, magari yamezuiwa, na katika mji mdogo wa Vinita kila hoteli ilikuwa imejaa wasafiri waliokwama. Hatimaye Feynman alipata chumba, senti 50 kwa kila mtu. Gharama ile ilikuwa na sababu yake. Nyumba ilikuwa danguro. Dyson, mtoto wa nyumba ya heshima, aliyasimulia haya miaka 30 baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1979, bila kujifanya alikuwa mzoefu.

Usiku ule mvua ikipiga vioo vya dirisha, na huku na huko nyayo za wapangaji wa muda, hawakulala mapema. Feynman alizungumza. Alimzungumzia mke wake Arline, mpenzi wake tangu ujana, aliyemwoa akijua ana kifua kikuu na kwamba hatapona. Wakati Feynman akitengeneza bomu Los Alamos, Arline alikuwa amelazwa sanatoria huko Albuquerque, mji uleule waliokuwa wanauendea sasa. Mwishoni mwa wiki Feynman aliomba lifti au aliazima gari akamwone. Arline alikufa Juni 1945, mwezi mmoja kabla bomu la kwanza halijajaribiwa jangwani.

Na alizungumzia bomu. Aliamini kwamba silaha zile zitatumika tena, kwamba kutengeneza bomu kulikuwa rahisi kupita kiasi, na kwamba miji itateketea. Haikuwa hofu ya kupiga kelele. Alisema kwa utulivu, kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa, na utulivu huo ndio uliomshtua mwenzake. Dyson alikuwa na yake: alikuwa amehesabu ndege na vifo, alijua jinsi watu wema wanavyoweza kushiriki mauaji kwa kalamu na karatasi. Wanaume wawili, mmoja wa miaka 30, mwingine wa 24, kila mmoja na vita vyake.

Sijui barua ngapi za wanasayansi nimepata kuzisoma, lakini nafikiri usiku ule wa Vinita ndio uliomwondolea Dyson ile hesabu ya nusu kwa nusu. Baada ya hapo alijua kwamba uchangamfu wa Feynman haukutoka kwa mtu asiyejua huzuni. Aliyekuwa anapiga ngoma chumbani kwa mtoto wa Bethe alikuwa mjane asiyetimiza hata miaka 30.

Waliongea fizikia pia, tena kwa mabishano. Feynman hakuamini hisabati za Dyson. Dyson hakuamini hisia za Feynman. Feynman alisema kwamba hata Einstein aliacha kugundua pale alipoacha kufikiri kwa picha za vitu halisi akawa mtu wa kusukuma milinganyo. Dyson alilikubali hilo, ila kwa upande wake alitaka uthibitisho utakaoweza kukabidhiwa kwa mtu mwingine. Mabishano hayo, nasema, ndiyo yaliyozaa matunda. Wangekubaliana tangu mwanzo, kila mmoja angebaki alipo.

Albuquerque waliachana. Dyson alichukua basi akaenda Ann Arbor kumsikiliza Schwinger kwa wiki kadhaa, akachukua daftari, akahoji, akarudia hesabu. Kisha akaenda California kupumzika, akaacha fizikia kabisa. Mwezi wa Septemba alipanda basi la Greyhound kurudi mashariki. Siku ya tatu, wakikatiza tambarare za Nebraska, katika ule usingizi usio usingizi wa abiria wa basi, mambo yakajipanga. Picha za Feynman na milinganyo ya Schwinger zilikuwa kitu kimoja. Hakuwa na kalamu wala karatasi, na hakuhitaji. Kila kitu kilikuwa wazi kichwani.

Kulikuwa na mtu wa tatu, Sin-Itiro Tomonaga wa Tokyo, ambaye katikati ya vita na magofu yaliyofuata, akiwa ametengwa na wenzake wa magharibi, alikuwa amefika mahali palepale kwa njia yake. Dyson alizisoma kazi zake kutoka majarida ya Kijapani yaliyomfikia Bethe, akaguswa sana. Makala aliyoipeleka kwa jarida la *Physical Review* mnamo Oktoba 1948, ikatoka mapema 1949, ilikuwa na majina ya wote watatu kwenye kichwa chake: nadharia za mionzi za Tomonaga, Schwinger na Feynman. Humo alionyesha kwamba ni nadharia moja, akaweka kanuni za michoro kwa lugha ambayo mtu yeyote mwenye bidii angeweza kuifuata. Makala za Feynman mwenyewe zilitoka miezi kadhaa baada ya hiyo. Kwa hiyo wanafizikia wengi walijifunza kusoma michoro ya Feynman kwa mkono wa Dyson.

Palikuwa na mzee wa kushawishiwa. Robert Oppenheimer, mkurugenzi wa taasisi ya Princeton ambako Dyson alihamia msimu huo, aliamini njia hii haina maana. Kila Dyson alipotoa mhadhara, Oppenheimer alimkatiza. Bethe akaja Princeton kumtetea. Baada ya mihadhara kumalizika, Dyson alikuta kwenye sanduku lake la barua kijikaratasi cha Oppenheimer chenye maneno mawili ya Kilatini ambayo mahakamani husemwa na mtu asiyetaka tena kubisha mashtaka. Kwa Oppenheimer, kusema hivyo kulikuwa ni kupiga magoti.

Januari 1949 wanafizikia walikusanyika New York. Mzungumzaji mmoja kijana alisifu nadharia ya Feynman na Dyson. Feynman, aliyekaa jirani na Dyson mbele kabisa, alimgeukia akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba sasa daktari amekwisha kuingia. Utani wenyewe ni kwamba Dyson hakuwa daktari. Hakupata shahada ya uzamivu wakati ule na hakuipata maisha yake yote, hata alipokuwa profesa.

Ila kabla ya hapo, Oktoba 1948, kuna tukio ambalo ningetamani kuwapo. Dyson alisafiri kutoka Princeton kwenda Ithaca pamoja na mwanafizikia Mfaransa, Cécile Morette, yule ambaye miaka michache baadaye alianzisha shule mashuhuri ya kiangazi ya Les Houches katika milima ya Alps. Feynman aliwapokea stesheni, akawapigia hadithi mpaka usiku wa manane. Jioni moja ya ziara ile walimwuliza juu ya matatizo mawili yaliyowashinda watu wa njia ya zamani: namna mwanga unavyotawanywa na uga wa umeme, na namna mwanga unavyotawanywa na mwanga. Alikaa akaandika. Katika saa chache, mbele ya macho yao, matatizo yote mawili yalipata majibu. Dyson aliwaandikia wazazi kwamba hajapata kuona ukokotoaji wa kasi namna hiyo. Mganga alikuwa anafanya kazi mchana kweupe, na safari hii kulikuwa na mtu chumbani anayeelewa kila mstari.

Wasikilizaji, niseme pia la pili, maana kumkumbuka mtu kwa mapenzi si kumfanya malaika. Kitabu cha simulizi za Feynman kilichotoka 1985 kina kurasa za jinsi alivyowatendea wanawake ambazo zinachukiza, na wanawake wanafizikia wamelisema hilo kwa haki. Dyson mwenyewe, katika utangulizi alioandika mwaka 1999 kwa mkusanyo wa kazi za Feynman, alijifananisha na Ben Jonson, mwandishi aliyekuwa rafiki wa Shakespeare, akaishi kumpita, akaandika kwamba alimpenda ila hakumwabudu. Naona ni kipimo kizuri.

Ni katika uzee ndipo alipoisahihisha ile barua ya ujana. Alisema hukumu yake ya zamani haikuwa ya haki: Feynman hakuwa nusu hiki na nusu kile. Alikuwa gwiji mzima na chale mzima kwa wakati mmoja, na fikra na mzaha havikuwa na zamu.

Ukitaka kuona maana yake, kumbuka sahani. Siku moja kwenye kantini ya Cornell mtu alirusha sahani juu, ikazunguka huku ikiyumba, na nembo ya chuo iliyochorwa juu yake ikawa inazunguka pia. Feynman, ambaye wakati ule alijiona amekwisha kama mtafiti, alijiuliza uhusiano kati ya kuzunguka na kuyumba. Akakokotoa, akapata uwiano wa mbili kwa moja, akamkimbilia Bethe. Bethe akasema inapendeza, lakini ina umuhimu gani? Feynman akajibu kwamba haina umuhimu wowote, anaifanya kwa raha yake. Kutoka mchezo huo akarudi kwenye elektroni, na kutoka elektroni akafika Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Hata alipokwenda kufundisha Rio, kilichomuumiza ni wanafunzi walioweza kutaja kila kanuni na wasiweze kusema kanuni hiyo inaonekana wapi nje ya dirisha. Sisi tuliopita shule zetu kwa kukariri tunajua alichokiona.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965 ilikwenda kwa Tomonaga, Schwinger na Feynman. Tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Dyson aliyewaunganisha alikuwa wa nne. Alichofanya ni kuandika katika jarida la *Science* makala ya kuwapongeza wote watatu na kueleza kila mmoja alichangia nini, na katika miaka 54 aliyoishi baada ya hapo hakulalamika. Wengine walilalamika kwa niaba yake.

Halafu kuna Februari 1986. Chombo cha angani cha Challenger kilikuwa kimelipuka Januari 28, sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Feynman, aliyekuwa mgonjwa wa saratani, aliwekwa kwenye tume ya uchunguzi. Mbele ya kamera alikibana kipande cha mpira wa pete ya kuzibia viungo vya roketi kwa kibano kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu, akangoja, akakitoa. Kilipolegezwa kibano, mpira haukurudi umbo lake upesi. Asubuhi ya kuruka ilikuwa na baridi kali. Dyson aliandika kuwa siku hiyo watu wa kawaida waliona kwa macho yao jinsi mwanasayansi mkubwa anavyofikiri kwa mikono yake, na jinsi maumbile yanavyojibu waziwazi yakiulizwa waziwazi. Hapo tena chale na gwiji: glasi ya maji mezani, mbele ya wakubwa wa serikali, na ukweli ndani yake. Feynman alikufa miaka miwili baadaye, Februari 15, 1988.

Lililobaki ni deni dogo ambalo Dyson alikuwa nalo tangu Oktoba ile ya 1948. Feynman alikuwa amemwonyesha uthibitisho wa ajabu: ukianza na sheria ya mwendo ya Newton na kanuni moja ya kwanta inayounganisha mahali na kasi, unafika kwenye milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, ambayo hukuiweka mwanzoni. Feynman alikataa kuuchapisha. Kwake safari ile ilikuwa imeshindwa, kwa kuwa alitaka imfikishe kwenye nchi mpya, na badala yake ilimrudisha mjini penye wenyeji. Dyson alinyamaza kwa miaka 40 kwa sababu mwenye mali hakutaka itolewe. Mwaka 1990 aliutoa katika *American Journal of Physics*, kurasa tatu hivi, jina la Feynman kwenye kichwa, yeye akiwa mwandishi tu wa kumbukumbu, akieleza Feynman alitafuta nini na kwa nini hakuridhika. Barua za wasomaji zilifuata, kisha makala za wanafizikia wengine, wengine wakiupinga, wengine wakiupanua kwenda kwenye nguvu ambazo Feynman hakuzigusa mwaka ule.